Seva ikipata hitilafu ya kuua, iache ife: namna ya kutunza koredampu (nakala ya kumbukumbu ya programu inapokufa) na kuisoma

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila suala la seva kufa ghafla linapojitokeza, ushauri wa kwanza kutolewa huwa ni kukamata SIGSEGV (ishara inayoletewa programu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake), kuandika mstari kwenye logi, kisha kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Naamini kwa dhati kwamba ushauri huo unabomoa kuliko unavyojenga, na ninaomba nieleze sababu zangu kwa kirefu.

Tuanze na hali yenyewe. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapoiletea programu SIGSEGV, ambayo ni ishara namba 11, au SIGBUS, SIGILL na SIGFPE, maana yake ni kwamba kichakataji kimeshindwa kutekeleza agizo: programu imegusa anwani isiyo yake, imerukia mahali pasipo na maagizo halali, au imegawanya namba kamili kwa sifuri. SIGABRT, namba 6, ina tofauti kidogo, kwa kuwa hapo programu imejiua yenyewe kwa kuita abort(), ama kwa sababu assert (sharti lililoandikwa ndani ya msimbo) imeshindwa, ama kwa sababu glibc, maktaba kuu ya C, imegundua kwamba hipu (kumbukumbu ambayo programu huiomba inapoendelea) imeharibika. Jambo la kuzingatia ni kwamba mahali programu ilipofia mara nyingi si mahali kosa lilipofanyika. Fanksheni moja ikiandika kupita mwisho wa bafa yake (nafasi ya kuwekea data), inaweza kuharibu kielekezi (thamani inayoshika anwani ya kumbukumbu) ambacho kitakuja kutumiwa baada ya muda mrefu na fanksheni isiyohusika nayo hata kidogo, tena katika uzi mwingine wa utekelezaji, yaani mkondo mwingine wa kazi unaokwenda sambamba ndani ya programu ileile.

Hapo ndipo hatari ya kuendelea na kazi inapojitokeza. Wakati ishara inafika, hujui ni sehemu ipi ya kumbukumbu iliyoharibika wala imeharibika tangu lini. Seva ikiendelea kuishi katika hali hiyo inaweza kuandika data ya mtumiaji mmoja kwenye rekodi ya mwingine, au kuhifadhi kwenye diski kitu ambacho hakitagundulika kuwa kibovu hadi nakala zote nzuri za akiba ziwe zimekwisha kufutwa. Seva iliyokufa inaonekana mara moja na kila mtu. Data iliyoharibika kimyakimya haionekani na yeyote.

Tazameni hifadhidata ya PostgreSQL inavyofanya. Mchakato mmoja tu unaohudumia muunganisho mmoja ukifa kwa SIGSEGV, mchakato mkuu huifunga michakato mingine yote ya kuhudumia miunganisho, hata ile isiyo na kosa lolote, huitengeneza upya kumbukumbu ya pamoja, kisha hurejesha hali kutoka kwenye WAL, logi ya mabadiliko iliyoandikwa kwenye diski. Watumiaji wote hukatiwa miunganisho, na wako watakaolalamika, lakini uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu kumbukumbu ya pamoja iliyoguswa na mchakato uliochanganyikiwa haina tena wa kuidhamini.

Wapo watakaosema kwamba mashine ya Java na Go hukamata SIGSEGV na kuendelea. Ni kweli, ila huko ishara hiyo ni sehemu ya mpango: mazingira hayo yanajua kwa uhakika ni agizo lipi lililogonga kielekezi tupu, na huligeuza kuwa kosa la kawaida la lugha husika. Programu ya C au C++ haina ujuzi huo. Kwa sababu hiyohiyo, maktaba ya C inayopakiwa ndani ya mashine ya Java isijiwekee yenyewe fanksheni ya kupokea SIGSEGV.

Je, tusikamate ishara hizi kabisa? Inaruhusiwa kuzikamata, lakini kwa kazi moja tu, nayo ni kuandika maneno machache ya mwisho kisha kufa kwa ishara ileile. Fanksheni inayopokea ishara hufanya kazi ndani ya mchakato uliokatizwa katikati ya jambo lolote, pengine katikati ya malloc (wito wa kuomba kumbukumbu ya hipu) huku kufuli la hipu likiwa limeshikwa. Ukiita printf, au malloc, au maktaba yako ya logi kutoka humo, uzi wa utekelezaji unaweza kukaa ukingojea kufuli ambalo umelishika wenyewe, na seva ambayo ingekufa na kuwashwa upya itabaki imeganda, haifi wala haihudumii. Kwa hiyo tumia write() pekee na vile vichache vilivyoruhusiwa na kiwango cha POSIX ndani ya fanksheni za aina hiyo. Ukitaka orodha ya miito, backtrace_symbols_fd haihitaji malloc, lakini backtrace() yenyewe hupakia maktaba ya libgcc inapoitwa kwa mara ya kwanza, na upakiaji huo unaweza kuita malloc. Iite mara moja seva inapowaka ili siku ya tatizo iwe imekwisha kupakiwa.

Mambo mawili zaidi hapa husahauliwa sana. La kwanza ni sigaltstack. Kama chanzo cha kifo ni staki (kumbukumbu ya miito ya fanksheni) kujaa, hakuna nafasi ya kuendeshea fanksheni yako, hivyo haitaitwa kamwe isipokuwa umeitengea staki ya pembeni na kuiweka kwa SA_ONSTACK; na staki hiyo huwekwa kwa kila uzi wa utekelezaji peke yake, si mara moja kwa mchakato mzima. La pili ni namna ya kumaliza. Nimeona misimbo mingi inayomalizia kwa exit(1). Wito huo huendesha shughuli zote za kufunga programu juu ya kumbukumbu iliyoharibika, halafu humwambia msimamizi wa huduma kwamba programu ilitoka yenyewe kwa kosa la kawaida, na koredampu haipatikani. Tumia SA_RESETHAND na urudi tu kutoka kwenye fanksheni: agizo lililokosea litarudiwa, safari hii hakuna wa kulikamata, na keneli itatengeneza koredampu yenye rejista na staki kama zilivyokuwa mahali pa ajali.

Kuwasha upya ni kazi ya msimamizi aliye nje ya mchakato, si ya seva yenyewe. Katika systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, Restart=on-failure inatosha, lakini uangalie uhusiano wa RestartSec na kikomo cha kuwasha. Kwa kawaida huduma iliyowashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 haiwashwi tena, na muda wa kungoja kati ya kufa na kuwashwa ni milisekunde 100 tu. Seva inayokufa papo hapo inapowaka itafika kikomo hicho haraka na kubaki chini; ukiweka RestartSec=5 bila kubadilisha kikomo, haitakifikia kamwe na itazunguka bila mwisho huku ikijaza diski kwa koredampu. Hakuna jibu moja kwa seva zote, lakini chagueni mkijua.

Mwisho kwa sasa, kitu ninachokithamini kuliko vyote: jengeni programu kwa -g (taarifa za utatuzi) hata mnapotumia -O2 (uboreshaji wa kasi), na mtunze simboli, yaani majina ya fanksheni na mistari ya msimbo, za kila toleo linalotoka. Si lazima ziende kwenye seva. objcopy --only-keep-debug huzitenga kwenye faili la pembeni, na kitambulisho cha ujenzi kilichomo ndani ya faili zote mbili huiwezesha gdb, programu ya utatuzi, kuzioanisha. Koredampu isiyo na simboli za toleo lilelile ni rundo la namba.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye manufaa. Kwetu tatizo liko kabla ya hapo. Tumeandika ulimit -c unlimited kwenye wasifu wa mtumiaji anayeendesha huduma, programu imekufa mara kadhaa kwa SIGSEGV, na hakuna faili lolote tunaloliona. Tunakosea wapi?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu, swali lako linahusu wengi, naomba nilijibu kwa utaratibu.

Kikomo ulichoweka ni cha shell. Huduma inayowashwa na systemd haipiti kwenye wasifu wa mtumiaji, hivyo hairithi kikomo hicho; kiweke kwenye faili la huduma kwa LimitCORE=infinity. Usikisie, soma /proc/PID/limits ya mchakato unaoendelea na utazame mstari wa Max core file size. Ukiona 0 kwenye safu ya kwanza, jibu umelipata.

Kama kikomo kiko sawa, soma /proc/sys/kernel/core_pattern. Mstari wake ukianza na alama ya |, keneli haiandiki faili bali humpelekea koredampu programu nyingine kwa njia ya bomba, jambo lililowezekana tangu Linux 2.6.19. Kwenye mifumo mingi ya sasa programu hiyo ni systemd-coredump, na faili zako huenda ziko salama ndani ya /var/lib/systemd/coredump zikiwa zimebanwa. Jaribu coredumpctl list kabla ya kuhangaika zaidi.

Kama mstari hauanzi na alama hiyo na umeandikwa neno core peke yake, faili huandikwa kwenye saraka ya kazi ya mchakato. Seva nyingi huhamia / zinapojitenga na shell, na mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika huko, kwa hiyo faili hukosekana bila ujumbe wowote. Weka njia kamili yenye %e kwa jina la programu, %p kwa namba ya mchakato na %t kwa wakati. Seva ya wavuti ya nginx ina maelekezo mawili kwa ajili ya jambo hili, working_directory na worker_rlimit_core.

Sababu inayowasumbua watu zaidi ni ya nne. Seva inayoanza kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ili ishike mlango namba 443, kisha ikajivua mamlaka kwa setuid, huwekewa na keneli alama kwamba kumbukumbu yake isitolewe nje, kwa kuwa inaweza kuwa bado imebeba siri za root. Vikomo vyote vinaweza kuwa sahihi na bado usipate kitu. Baada ya kujivua mamlaka, programu yenyewe inapaswa kuita prctl(PR_SET_DUMPABLE, 1), au uiache systemd iibadilishe kuwa mtumiaji wa kawaida tangu mwanzo.

Kwa walio kwenye kontena: core_pattern ni moja kwa keneli nzima. Huwezi kuibadilisha kwa kontena moja, na programu iliyo upande wa pili wa bomba huendeshwa kwenye mashine mwenyeji, si ndani ya kontena lililokufa. Ikiwa mmeweka njia ya kawaida ya faili, njia hiyo hutafutwa ndani ya kontena lenyewe, na kontena likifutwa ushahidi unafutwa nalo.

Baada ya marekebisho, ijaribu kwenye mazingira ya majaribio kwa kill -SEGV na namba ya mchakato. Njia ya ushahidi ambayo haijajaribiwa isihesabiwe kuwa ipo.

#4 – Mchangiaji mwingine

Naomba niongeze upande wa usalama, kwa sababu naona unapitwa. Koredampu ni nakala ya kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu: nywila zilizotumwa sekunde hiyo, tokeni za watumiaji walioingia, funguo binafsi za TLS, maneno ya siri ya hifadhidata. Mtu anayeipata hahitaji kuivamia seva yenu.

Mwezi Septemba 2023 Microsoft ilieleza kwamba dhana yake yenye nguvu zaidi kuhusu namna wavamizi walivyopata ufunguo wa kutia saini tokeni ni kwamba ufunguo huo ulibaki ndani ya nakala ya kumbukumbu ya mfumo uliokufa Aprili 2021, na nakala hiyo ikahamishwa kutoka mtandao uliotengwa hadi kwenye mazingira ya utatuzi. Machi 2024 kampuni hiyo iliongeza kwamba haijaipata nakala yenye ufunguo huo, hivyo dhana imebaki kuwa dhana. Hata hivyo, kila mmoja wetu ajiulize kama njia iliyoelezwa haiwezekani ofisini kwake, pale faili linapoambatishwa kwenye tiketi ya hitilafu ili mwenzake alitazame.

Programu ya kupokea nayo inaweza kuwa na tundu. Mwaka 2022 iligundulika kwamba systemd-coredump haikuheshimu mpangilio wa fs.suid_dumpable, unaoamua kama programu zenye mamlaka zitoe koredampu, na mtumiaji wa kawaida aliweza kusoma kumbukumbu za programu zenye mamlaka makubwa. Tundu hilo limesajiliwa kama CVE-2022-4415.

Sehemu ya kumbukumbu inayobeba funguo inaweza kutengwa kwa madvise na MADV_DONTDUMP, ambayo ipo tangu Linux 3.4, na siri iliyokwisha kutumika ifutwe kwa explicit_bzero badala ya memset, ambayo kompaila inaweza kuiondoa ikiona hakuna anayesoma matokeo yake. Saraka ya koredampu isomwe na wachache, na faili ziwe na siku ya kufutwa.

#5 – Mchangiaji

Mimi nina swali fupi. Kontena letu linatoka kwa namba 137, na hakuna koredampu hata baada ya kufuata yote ya #3.

#6 – Mwanzisha uzi

Namba ya kutoka iliyozidi 128 ni 128 pamoja na namba ya ishara, hivyo 139 ni SIGSEGV, 134 ni SIGABRT, na 137 ni SIGKILL. Ishara ya 9 haikamatiki na haitoi koredampu kamwe, basi msiitafute. Mara nyingi ni keneli iliyoua mchakato kwa sababu kumbukumbu imekwisha au kikomo cha kontena kimefikiwa. Tazameni dmesg (ujumbe wa keneli) kwa mstari unaotaja Out of memory au Memory cgroup. Hapo uchunguzi ni wa matumizi ya kumbukumbu, nao hufanyika mchakato ukiwa hai. gcore hutoa nakala ya mchakato unaoendelea bila kuuua, ingawa huusimamisha kwa muda wa kuandika.

Namshukuru ndugu wa #4, na ninaomba nigusie jambo linalokaribiana nalo, yaani ukubwa. Mchakato wenye gigabaiti 64 huchukua muda kuandikwa, na katika muda huo wote haujafa kikamilifu: nyuzi zake za utekelezaji zimesimama, lakini soketi zake bado ziko wazi. Keneli inaendelea kupokea miunganisho mipya na kuipanga foleni, na wateja wanangojea jibu ambalo halitakuja. Kigawa mzigo kinachopima afya ya seva kwa kufungua muunganisho tu kitaiona nzima. Kipimo cha afya kitume ombi halisi na kingojee jibu kwa muda mfupi.

Ukubwa wenyewe unapunguzika. Faili la /proc/PID/coredump_filter huamua aina za kumbukumbu zinazoandikwa; thamani ya kawaida ni 0x33, na ukiweka 0x31 kumbukumbu ya pamoja isiyo na faili huachwa nje. Kwa seva yenye akiba kubwa ya pamoja, tofauti ni kubwa sana, na mara nyingi staki pamoja na hipu vinatosha kujua kilichotokea.

#7 – Mchangiaji

Wakuu, nimefuata maelekezo na sasa ninayo koredampu pamoja na mstari huu wa dmesg. Naomba msaada wa kuusoma.

seva[4127]: segfault at 18 ip 000055d0c3a4172b sp 00007f1e2bffe9c0 error 4 in seva[55d0c3a20000+5e000]

#8 – Mwanzisha uzi

Mstari huo una habari nyingi kuliko unavyoonekana. Anwani iliyoguswa ni 18 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani 24. Anwani ndogo namna hiyo karibu kila mara ni kielekezi tupu cha muundo fulani, na msimbo ulitaka sehemu iliyo baiti 24 kutoka mwanzo wa muundo huo. Error 4 maana yake ni kusoma, kutoka upande wa programu ya kawaida, kwenye ukurasa usiokuwepo. Ingekuwa 6, ingekuwa kuandika. Toa 55d0c3a20000 kutoka kwenye ip upate 2172b, ujumlishe anwani ya mwanzo ya kipande chenye maagizo kama readelf -l inavyoionyesha, kisha uipe addr2line jumla hiyo upate jina la faili na mstari. Hii husaidia hata pale koredampu inapokosekana.

Kwa kuwa unayo, fungua gdb ukiipa programu ya toleo lilelile pamoja na koredampu, na uanze na thread apply all bt badala ya bt peke yake. Watu wengi hutazama uzi uliokufa tu, ilhali aliyesababisha bado yuko pale, amesimamishwa katikati ya kitendo. Kisha panda kwa up hadi kwenye fanksheni uliyoiandika mwenyewe na usome info locals. Ukikuta thamani imeandikwa optimized out, panda hatua moja zaidi. Aliyeita mara nyingi bado anayo.

#9 – Mchangiaji

Nimefanya hivyo, Mkuu. Uzi uliokufa uko kwenye fanksheni ya kuandika majibu, na kielekezi cha bafa ya muunganisho ni 0x0. Uzi mwingine, kwa muunganisho huohuo, uko ndani ya fanksheni ya kufunga, mstari mmoja tu baada ya kuiweka bafa kuwa NULL.

#10 – Mwanzisha uzi

Basi chanzo kiko mbele yako: nyuzi mbili zinamiliki muunganisho mmoja bila makubaliano. Usiridhike na kuongeza kipimo cha NULL kabla ya kuandika, kwa sababu kielekezi kinaweza kubadilika kati ya kukipima na kukitumia, na safari ijayo kitaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kupewa mtu mwingine. Hapo seva haitakufa, itaandika majibu ya mteja mmoja kwa mteja mwingine. Weka hesabu ya wanaoutumia muunganisho, na bafa iachiliwe na wa mwisho kuondoka.

Ili kuthibitisha, jenga toleo la majaribio kwa -fsanitize=thread (kigunduzi cha nyuzi zinazogongana) na uendeshe mzigo wenye wateja wanaokatiza miunganisho katikati ya majibu. Endesha pia toleo jingine lenye -fsanitize=address (AddressSanitizer, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu), maana hizo mbili hazijengwi pamoja, na ukumbuke kwamba AddressSanitizer kwenye mashine za biti 64 huzima koredampu kwa kawaida; ziwashe kwa kuweka disable_coredump=0 na abort_on_error=1 kwenye ASAN_OPTIONS. Koredampu uliyonayo itunze hadi majaribio hayo yapite, kisha uifute kama ndugu wa #4 alivyoeleza.